Je, Wajua? Bunduki Isiyoruhusiwa Kuwa Nyepesi Mno

Je, wajua kwamba upo mchezo ambao bunduki ya mshindani lazima itimize uzito uliowekwa na kanuni, na ikipungua kilo 3.5 hairuhusiwi uwanjani? Mchezo huo ni biathloni, unaounganisha mbio za skii kwenye theluji na kulenga shabaha. Mshindani hukimbia kilomita kadhaa kwa skii akiwa na bunduki mgongoni, husimama kupiga risasi tano, kisha huitupia bunduki mgongoni na kurudi mbioni. Skii ni mambo ya mbali na kwetu, ingawa Mkenya Philip Boit alitufungulia mlango mwaka 1998 aliposhiriki mbio za skii za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Wanabiathloni nao hukimbia kwa skii, na juu yake huongezewa silaha.

Silaha hiyo hutakiwa mambo mawili yanayovutana. Mapafu yanataka bunduki nyepesi; shabaha inataka bunduki tulivu. Kwa zaidi ya miaka 40 mafundi wamehangaika kuyaridhisha yote mawili, na walichokigundua ni hiki: kiasi cha uzito ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili, iliyo ngumu zaidi, ni mahali uzito huo unapokaa.

Kutoka kambini hadi Olimpiki

Biathloni ilizaliwa jeshini. Huko Skandinavia, walinzi wa mpaka wa Norwe na Uswidi walishindana kwa skii na bunduki tangu mwaka 1767. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Saalfelden, Austria, mwaka 1958, na miaka miwili baadaye mchezo ukaingia Olimpiki kule Squaw Valley, Marekani. Bingwa wa kwanza, Klas Lestander wa Uswidi, hakuwa mwenye kasi kuliko wote kwenye theluji. Alishinda kwa sababu alipiga shabaha zote 20 bila kukosa hata moja.

Siku zile washindani walibeba bunduki za risasi kubwa, za jamii ile ile ya silaha za kijeshi, na shabaha nyingine zilikuwa mbali kufikia mita 250. Risasi kubwa hurudisha teke kali begani, na bunduki ikiwa nyepesi, teke hilo humwumiza mpigaji na kumtoa kwenye shabaha. Uzito ulikuwa kinga.

Mwaka 1978 mambo yalibadilika. Mchezo ulihamia risasi ndogo ya kaliba .22, yenye kipenyo cha milimita 5.6, na shabaha zote zikasogezwa hadi mita 50. Kichwa cha risasi hiyo kina gramu 2.6 hivi, na teke lake halimsumbui mtu. Sababu kubwa ya kubeba chuma kizito ikawa imeondoka. Mafundi wakaanza kuchonga, kutoboa na kukwangua, na kama kanuni isingewasimamisha kwenye kilo 3.5, wangeendelea kushuka. Kipimo hicho hujumuisha kila kitu kilichofungwa kwenye bunduki, isipokuwa magazini, yaani visanduku vya kutilia risasi, na risasi zake.

Milimita moja ya mdomo wa mtutu

Ili kuelewa kwa nini kupunguza uzito peke yake hakutoshi, tutazame ugumu wa kazi yenyewe. Mbele ya mpigaji kuna shabaha tano nyeusi. Akipiga amelala kifudifudi, eneo analotakiwa kupata lina upana wa milimita 45. Akipiga amesimama, ni milimita 115. Katika mbio nyingi, kila risasi inayokosa humpeleka kwenye mzunguko wa adhabu wa mita 150. Katika mbio ndefu za mtu mmoja mmoja, kwa kawaida huongezewa dakika nzima kwenye muda wake.

Kutoka begani hadi mdomo wa mtutu ni kama mita moja, na shabaha iko mita 50. Kwa hiyo mdomo wa mtutu ukiyumba milimita moja tu, risasi huangukia karibu milimita 50 pembeni. Maana yake ni kwamba aliyesimama hana nafasi ya kuyumba zaidi ya milimita moja na kidogo kutoka katikati, na aliyelala hana hata nusu milimita. Haya yote huku moyo ukimpiga zaidi ya mara 160 kwa dakika, kifua kikipanda na kushuka, na miguu ikitetemeka kwa mlima alioupanda sasa hivi. Wapigaji hodari hufika, hupiga risasi zote tano na kuondoka ndani ya nusu dakika.

Anayelala husaidiwa na mkanda uliofungwa kwenye mkono wa juu, pamoja na viwiko viwili vilivyokita chini. Aliyesimama hana egemeo, na kwa kawaida hatumii mkanda. Wengi hukibana kiwiko cha mkono wa kushoto kwenye nyonga au mbavu, ili bunduki ibebwe na mifupa badala ya misuli iliyochoka. Mkono huo unakuwa nguzo moja, na bunduki nzima inakaa juu yake. Hapo ndipo mizania inapoamua kila kitu.

Gramu mia moja zinapohama

Shika mchi wa kutwangia katikati, uuzungushe kushoto na kulia. Kisha ushike mwisho mmoja ufanye vivyo hivyo. Mchi ni ule ule na kilo ni zile zile, lakini mara ya pili kiganja kinalalamika.

Hesabu ya fizikia iko wazi. Chukua gramu 100 za chuma zilizokaa sentimita 20 mbele ya mkono unaobeba bunduki, uzihamishie sentimita 60, karibu na mdomo wa mtutu. Mchango wa gramu hizo katika kuuvuta mtutu chini huongezeka mara tatu. Lakini ukaidi wa bunduki kuzungushwa, ambao wanafizikia huuita inesha ya mzunguko, hukua kwa kipeo cha pili cha umbali: hapo mchango wa gramu hizo huongezeka mara tisa. Mizani itasoma namba ile ile, ilhali mikononi mwa mpigaji hiyo ni bunduki nyingine kabisa.

Ukaidi huo una faida na hasara. Mtutu wenye uzito mbele hauchezichezi kwa kila pigo la moyo. Huyumba polepole, na mpigaji huweza kuifuata mienendo yake. Ukizidi, mgongo na bega huchoka, mtutu huzama, na kuuhamisha kutoka shabaha moja hadi nyingine kunakuwa kazi. Mtutu mwepesi mno nao huhamishwa kwa urahisi, lakini kila mtetemo wa mwili hufika mdomoni pake upesi. Bunduki njema iko baina ya hizo mbili, na kila mwili una mahali pake.

Fundi anakata wapi?

Kwa sababu hiyo fundi hapunguzi uzito popote anapopata nafasi. Kwanza hutazama kitako na ule mwili wa bunduki unaoushika mtutu. Zamani ulikuwa mbao nzito za mjozi. Leo mbao huchongwa hadi kubaki mifupa mitupu, au hubandikwa tabaka juu ya tabaka ili zisipinde kwa unyevu. Wengine hutumia aluminiamu au nyuzi za kaboni, ambazo ni nyepesi na ngumu mno. Hali ya hewa nayo ina kauli: kwa sababu ya baridi, mashindano huahirishwa tu ikishuka kupita nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwenye baridi inayokaribia hapo shavu linaloegemea chuma kitupu huumia. Pale penye kugusana na ngozi, mbao, kaboni au plastiki hufaa zaidi.

Kisha hufuata mtutu. Ugumu wa bomba hutegemea sana unene wake wa nje, kwa hiyo kuukwangua wote kote hudhoofisha. Njia mojawapo ni kuuchimba mifereji kwa urefu wake: chuma hupungua, unene wa nje unabaki. Njia nyingine ni kuufupisha mtutu wenyewe na kuufungia mbele bomba jepesi lenye kilengeo cha mbele, ili umbali kati ya vilengeo viwili usipotee. Risasi ya .22 haihitaji mtutu mrefu kupata kasi yake yote.

Hata magazini zina mahali pake. Mshindani wa mbio zenye vituo vinne vya kupiga hubeba risasi 20, zenye jumla ya gramu 65 hivi, zikiwa kwenye magazini nne zilizopachikwa kwenye bunduki yenyewe. Wengine huziweka mbele, wengine nyuma. Kadiri mashindano yanavyosonga, risasi hupungua na mizania hubadilika kidogo. Kwa hiyo wapo wanaoziweka karibu iwezekanavyo na kitovu cha uzito, ili mabadiliko hayo yasisikike mkononi.

Fundi mmoja alipata ushindi mkubwa bila kugusa mizani. Peter Fortner, mtengeneza bunduki wa Bavaria, Ujerumani, alibuni komeo la kuingizia risasi linalokwenda nyuma na mbele moja kwa moja. Komeo la kawaida huinuliwa, huvutwa, husukumwa, kisha hulazwa, na katika kuinua na kulaza bunduki husokoteka na mtutu kutoka kwenye shabaha. Kwa komeo la Fortner, kidole cha shahada huvuta, gumba husukuma, na kiganja hakiachi mshiko. Kampuni ya Anschütz ya mjini Ulm ililiingiza kwenye bunduki zake katika miaka ya 1980, na tangu hapo wengi wa washindani wa ngazi ya juu hutumia bunduki za jamii hiyo. Mizania iliyotafutwa kwa jasho haivurugwi tena kati ya risasi moja na nyingine.

Sakafu yenye busara

Kilo 3.5 si mzigo sawa kwa kila mtu. Kwa mwanamichezo wa kilo 80 ni takriban asilimia 4 ya mwili wake. Kwa wa kilo 55 inapita asilimia 6. Wanawake, walioingia Olimpiki ya biathloni mwaka 1992 kule Albertville, Ufaransa, wana kanuni ile ile ya uzito. Kwao hasa, mikanda ya mgongoni na namna bunduki inavyokaa karibu na uti wa mgongo ni jambo la kupimwa kwa makini, kwa sababu mzigo unaoning'inia mbali na mwili huiba pumzi kila hatua.

Hata hivyo naitetea kanuni hiyo kwa moyo wote. Bila sakafu hiyo ya uzito, mashindano yangegeuka kuwa ya nani ana fedha za kununua kaboni nyingi zaidi. Sakafu ikishawekwa, mwenye fedha na asiye nazo hukutana kwenye swali moja la ufundi: gramu hizi nilizolazimishwa kuzibeba, niziweke wapi ili zinifanyie kazi? Fundi anayepunguza gramu 200 kwenye kitako hazitupi. Hupata ruhusa ya kuzirudisha pale anapozihitaji.

Ushahidi ni wanabiathloni wenyewe. Wapo wanaofika uwanjani na bunduki inayozidi kiwango kwa hiari yao, huku wakijua kwamba kila gramu ya ziada watailipia mlimani kwa pumzi. Wamepima, wakaona kwamba shabaha moja isiyokoswa inawaokoa mzunguko mzima wa adhabu, na kwamba uzito uliokaa mahali pake ni afadhali kuliko wepesi usio na utulivu.