MTEJA ASIYEELEWA TANGAZO LAKO HAULIZI, ANAPITA

Kamwene wadau!

Mtu wa huku Iringa ameshaitika. Wa Mtwara anajiuliza hilo ni jina la mtu au ni nini. Matangazo yetu mengi yako hivyo hivyo: muuzaji anaona ameeleza, mnunuzi hajaambulia kitu.

Juzi nilitaka sufuria. Muuzaji mmoja kaandika: "Sufuria pc 5 @45 jumla." Nikamuuliza, elfu 45 ni seti nzima au moja? Kanijibu, "Soma tangazo." Hela ilikuwa tayari kwenye simu. Nikanunua kwa mwingine.

Sehemu 4 zinazowapoteza wateja ni hizi:

1. KIPIMO. Hapa Ilula nyanya tunauza kwa tenga, vitunguu kwa gunia, rejareja kwa sado. Mteja wa Dar anayeona picha tu hajui tenga lako lina ujazo gani, na matenga hayalingani. Gunia ndiyo kabisa: wewe unawaza lumbesa, yeye anawaza gunia la kawaida, ugomvi unaanza mzigo ukifika. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita lumbesa kila siku. Andika kilo, mtaelewana.

2. SAA. "Ofa mwisho 2:00." Saa mbili yetu simu inaandika 8:00, na simu ikiandika 2:00 sisi tunasema saa nane. Tofauti ni masaa 6! Mteja atakesha stendi anasubiri mzigo ambao haujapakiwa. Andika kwa maneno: saa mbili usiku.

3. VIFUPISHO. "2po", "mzgo", "xaxa". Kijana mwenzako anasoma. Mama mwenye hela ya kulipa leo leo huenda asisome.

4. MANENO YA KAZI. Wewe unajua mtumba wa "gredi A" ni upi. Mteja anataka kusikia: halina tundu, halijapauka, zipu inafunga.

Halafu kuna wanaojaza Kiingereza ili tangazo lionekane la hadhi. Ndugu yangu, mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, mwananchi aelewe kesi yake. Kama mahakama imeona umuhimu huo, sembuse sisi wauza vitunguu?

Linganisha:

KABLA: "Vtnguu vpo, lumbesa, bei poa, njoo inboksi."

BAADA: "Vitunguu vyekundu vilivyokauka vizuri, kilo 50, Sh 75,000. Nauli ya basi analipa mteja. Mzigo unatoka Ilula kesho saa mbili usiku."

La pili ni refu kidogo, lakini mteja hana swali lililobaki. Na mkitofautiana baadaye, mnarudi kwenye maandishi, kila mtu anaona mlikubaliana nini.

Kabla hujaposti, mpe simu mtu asiyejua biashara yako. Asome mara moja, kisha akwambie: unauza nini, kiasi gani, bei gani, na mzigo unamfikiaje mteja. Usimsaidie. Pale atakapokwama, ndipo wateja wako wanapoishia.

Weka tangazo lako hapo chini kwenye komenti, tulisome pamoja. Na mtumie mwenzako anayependa kuandika "bei poa".