Askari wa Marekani huwekaje akiba? Hesabu ya mshahara, mkopo wa gari na hela ya nyumbani

Nje ya geti la kambi kubwa za jeshi la Marekani, hasa kwenye miji kama Killeen, Texas na Fayetteville, North Carolina, yadi za magari zimejaa barabarani. Kijana wa miaka 20 aliyemaliza mafunzo juzi tu anapita hapo akiwa na mshahara wake wa kwanza. Ana kazi ya uhakika, halipi kodi ya nyumba, na muuza magari anajua hivyo vyote.

Miongoni mwa vijana hao wapo waliotoka Kenya, Uganda, Tanzania na Congo. Sheria ya Marekani inamruhusu mgeni mwenye ukaaji wa kudumu, yaani grini kadi, kujiunga na jeshi hata kabla hajapata uraia. Nyumbani akishasikika kavaa magwanda ya Marekani, basi hesabu za ukoo zinaanza: karo, shamba, matibabu ya bibi.

Miaka minne baadaye mkataba unaisha. Mmoja anatoka na akiba ya maelfu ya dola, mwenzake waliyelala chumba kimoja anatoka na deni la gari. Walilipwa sawa. Tofauti yao ilianza na maamuzi machache ya mwaka wa kwanza, na haya ndiyo yenyewe.

Mshahara ni kiasi gani?

Askari wa cheo cha chini kabisa, E-1, alikuwa analipwa mshahara wa msingi wa takriban dola 2,319 kwa mwezi kufikia Aprili 2025, baada ya vyeo vya chini kuongezewa pesa. Hela hiyo haiji yote mwisho wa mwezi. Inaingia kwa mafungu mawili, tarehe 1 na tarehe 15.

Kwa maisha ya Marekani kiasi hicho si kikubwa. Lakini askari asiye na familia anapewa chumba kambini, anakula kwenye bwalo la jeshi na anatibiwa bila kutoa hela mfukoni. Raia wa umri wake anayelipwa kiasi hichohicho anakatwa kodi ya nyumba, chakula na bima ya afya kabla hajanunua hata soksi.

Kwa hiyo miaka ya kambini ndiyo rahisi kuliko yote kuweka akiba. Akioa, akipanga nje au akipata mtoto, nafasi hiyo inabanwa.

TSP: hela ambayo serikali inaongeza

Mpango mkuu wa akiba unaitwa TSP. Ni mfuko wa uzeeni wa watumishi wa serikali kuu ya Marekani, wakiwemo wanajeshi. Makato yanatoka moja kwa moja kwenye mshahara kabla haujafika benki.

Tangu Januari 1, 2018, kila askari mpya anaingia kwenye mfumo wa mafao ambao serikali nayo inachangia. Utaratibu uko hivi:

- Baada ya siku 60 za utumishi, serikali inaanza kumwekea askari asilimia 1 ya mshahara wake wa msingi, hata kama yeye hachangii chochote.
- Akimaliza miaka miwili, serikali inaanza kulinganisha mchango wake. Asilimia 3 za kwanza anazoweka inamlipia dola kwa dola. Asilimia 2 zinazofuata inamlipia nusu dola kwa kila dola.
- Kwa hiyo askari anayeweka asilimia 5 anapata nyongeza ya asilimia 5 kutoka serikalini. Anayeweka asilimia 1 anaongezewa 2 tu.

Walioingia jeshini kuanzia Oktoba 2020 wanaandikishwa moja kwa moja kwa asilimia 5. Hapo ndipo wengine wanapojikwaa. Kijana anaona makato kwenye hati yake ya mshahara, anaambiwa na rafiki kwamba hiyo ni hela ya wazee, anaingia kwenye mfumo na kuipunguza mpaka sifuri. Ikifika mwaka wa tatu na makato bado ni sifuri, serikali haina cha kulinganisha.

Chukua mfano wa askari anayebaki na mshahara uleule wa dola 2,319 kwa miaka minne. Kwa kawaida vyeo hupanda na mshahara nao, lakini mfano rahisi unaeleweka haraka. Asilimia 5 yake ni kama dola 116 kwa mwezi. Kwa miezi 48 atakuwa ameweka karibu dola 5,570. Asilimia 1 ya serikali inaongeza kama dola 1,070. Malipo ya kulinganisha ya miaka miwili ya mwisho yanaongeza kama dola 2,230. Jumla inakaribia dola 8,900, na hapo faida ya uwekezaji haijahesabiwa.

Zaidi ya dola 3,000 kati ya hizo hazikutoka kwake. Asiyechangia chochote miaka yote minne anaambulia ile asilimia 1 tu.

Kuna mambo mawili ya kujua mapema. Kwanza, ile asilimia 1 ya serikali inakuwa mali ya askari kamili baada ya miaka miwili ya utumishi. Akitoka kabla ya hapo anaipoteza. Pili, hela ya TSP imewekezwa kwenye hisa na dhamana, kwa hiyo inaweza kupanda na kushuka. Pia ni ya uzeeni. Akiitoa mapema bila sababu inayokubalika kisheria, kwa kawaida kuna kodi na adhabu ya asilimia 10. Si pochi ya dharura.

Kwa nini usisubiri pensheni?

Pensheni ya jeshi ipo, tena ni nzuri. Shida ni kwamba inaanzia miaka 20 ya utumishi. Chini ya mfumo mpya, aliyetumikia miaka 20 anapata asilimia 40 ya wastani wa mishahara yake mikubwa ya miezi 36. Aliyetumikia minne, minane au hata 15 kwa kawaida hapati pensheni hiyo.

Wengi wanaoingia jeshini hawafiki miaka 20. Ndiyo maana TSP ina uzito: askari anaondoka nayo hata kama alitumikia mkataba mmoja.

Akipelekwa eneo la vita: riba ya asilimia 10

Upo mpango mwingine ambao hata baadhi ya askari hawaujui. Unaitwa SDP, na asili yake ni mwaka 1966, enzi za vita ya Vietnam. Askari aliyepelekwa kwenye maeneo ya hatari yaliyotajwa rasmi, akishakaa siku 30 mfululizo, anaweza kuweka hadi dola 10,000 na kulipwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka.

Ni vigumu kupata riba kama hiyo kwenye benki ya kawaida Marekani bila kubahatisha. Dola 10,000 zikikaa mwaka mzima zinazaa zaidi ya dola 1,030, kwa sababu riba inajumlishwa kila baada ya miezi mitatu.

Masharti ni machache lakini yanabana. Hela inatoka kwenye mshahara wa sasa, kwa hiyo hawezi kuhamisha akiba ya zamani yote siku moja. Anaijaza mwezi kwa mwezi. Riba inaendelea hadi siku 90 baada ya kuondoka eneo hilo, kisha inasimama. Na riba hiyo inatozwa kodi.

Wakati huohuo, mshahara wa askari wa vyeo vya chini anaoupata akiwa eneo la vita hautozwi kodi ya mapato ya serikali kuu, na katika maeneo ya hatari kuna nyongeza ya hadi dola 225 kwa mwezi. Kule matumizi ni madogo. Hatari ipo akirudi: miezi tisa ya mshahara iko benki, na yadi za magari bado ziko palepale nje ya geti.

Gari linavyomeza akiba

Hesabu hii ndiyo inayoumiza. Gari la dola 25,000 kwa mkopo wa miezi 72, riba ya asilimia 6, linalipiwa kama dola 414 kwa mwezi. Riba yote inafika karibu dola 4,800.

Gari hilohilo kwa riba ya asilimia 20 linalipiwa kama dola 599 kwa mwezi. Riba yote inapita dola 18,000. Yaani tofauti ya asilimia hizo ni zaidi ya dola 13,000, kuliko akiba nzima ya TSP kwenye mfano wa juu.

Kijana mgeni nchini, asiye na historia ya mikopo, ndiye anayepewa riba kubwa. Wengi wanaamini sheria inawalinda, na ni kweli kwa sehemu. Sheria ya mikopo ya wanajeshi ya mwaka 2006 inaweka kikomo cha asilimia 36 kwa mikopo mingi. Lakini mkopo wa kununulia gari, ambao gari lenyewe ndilo dhamana, haumo kwenye kikomo hicho.

Serikali iliona tatizo upande mwingine. Tangu 2015, askari haruhusiwi kuanzisha makato ya moja kwa moja ya mshahara kwa ajili ya kununua magari au vifaa vya umeme.

Kwa madeni aliyokuwa nayo kabla ya kuingia jeshini, ipo sheria inayoitwa SCRA. Inampa haki ya kushushiwa riba hadi asilimia 6 wakati wa utumishi. Haiji yenyewe. Lazima aandike barua kwa aliyemkopesha na kuambatanisha amri yake ya kuitwa kazini, si zaidi ya siku 180 baada ya utumishi kuisha.

Akikwama kweli, kabla hajaenda kwa wakopeshaji wa haraka, kila jeshi lina mfuko wa kusaidiana. Kwa jeshi la nchi kavu ni Army Emergency Relief, ulioanzishwa 1942, unaotoa mikopo isiyo na riba kwa dharura kama nauli ya msiba au matengenezo ya gari. Deni sugu lina gharama nyingine pia: linaweza kumnyima askari kibali cha kushika kazi za siri, na kibali kikienda, kazi nayo inaweza kwenda.

Na hela ya nyumbani?

Kwa askari mwenye asili ya Afrika Mashariki, hapa ndipo penye mtihani. Mama hawezi kuambiwa asubiri TSP. Kutuma si kosa. Kinachomaliza mshahara ni kutuma bila kiasi, kila simu inapolia.

Njia inayosaidia ni kuifanya hela ya nyumbani kuwa makato kama makato mengine. Mfumo wa mshahara wa jeshi unaruhusu sehemu ya malipo iende yenyewe kwenye akaunti nyingine. Anaweka kiasi kimoja kisichobadilika, ndugu wanajua ni kipi na kinafika lini, na dharura zinakuwa dharura kweli.

Kuna jambo jipya pia. Tangu Januari 1, 2026, Marekani inatoza kodi ya asilimia 1 kwa hela zinazotumwa nje ya nchi kwa kulipia fedha taslimu. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi ya benki ya huko hatozwi.

Usisahau jina la mnufaika. Bima ya maisha ya askari inafika dola 500,000, na TSP nayo ina fomu yake ya mrithi. Askari akifariki, anayelipwa ni aliyeandikwa. Kijana aliyemwandika mchumba wa zamani na hakubadilisha, mzazi au mke anaweza kubaki bila kitu hata kama ukoo mzima unajua alitaka nini.

Majirani wanafanyaje?

Akiba ya askari si jambo la Marekani peke yake. Rwanda ina Zigama CSS, iliyoanza 1997, ambako wanajeshi, polisi na askari magereza huweka na kukopa. Uganda ina Wazalendo SACCO ya jeshi la UPDF. Wazo ni lilelile: hela ikatwe kabla haijaonekana, na mkopo utoke kwa wenzako badala ya mtu wa nje ya geti.

Siku ya kutoka

Mkataba ukiisha, mshahara unakatika, na chumba na bwalo navyo vinaisha. Kuna hela ya mwisho ambayo baadhi huisahau: likizo. Askari anajikusanyia siku 30 kwa mwaka, na anaweza kuuza ambazo hajazitumia, hadi siku 60 katika maisha yake yote ya jeshi. Kwa mshahara wa msingi hiyo ni miezi miwili ya malipo, inayotosha kupanga chumba huku anatafuta kazi.

Kama una mdogo wako anayesubiri kwenda mafunzo huko, swali la kumuuliza ni moja: makato yako ya TSP ni asilimia ngapi? Akijibu 5, mwache aendelee. Akisema ameyaondoa ili alipe gari, mpigie simu leo.