Askari wa sentimita tano na mpagazi aliyesahaulika

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

MFANYABIASHARA wa Bujumbura anayefuata bidhaa Dar es Salaam hushukia Kariakoo. Wachache hukumbuka kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Vita hivyo vilifika hadi hapa. Juni 1916 Wabelgiji waliingia Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma. Ilikuwa imeundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kusafirishwa katika makasha yapatayo 5,000. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Leo habari hizo zinaishi pia mezani kwa mafundi wa sanamu ndogo za kijeshi, ambao wengi wako Ulaya. Kipimo kinachopendwa ni 1 kwa 35: mtu wa mita 1.75 anakuwa na sentimita 5. Liemba yenye mita 71, ikipunguzwa mara 350, inakuwa na sentimita 20 tu.

Kazi yenyewe haihitaji kiwanda. Waya mwembamba ndio mifupa. Juu yake hubandikwa udongo wa gundi, ule wa kuchanganya sehemu mbili, na nguo huchongwa kabla haujakauka. Kisha hupakwa rangi ya msingi, halafu kaki. Rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji huachwa ituame kwenye mikunjo. Brashi iliyokaribia kukauka hupitishwa juu juu ili kingo zing'ae. Uso ndio mtihani: anayepaka kahawia moja tu huishia na kinyago, si mtu. Anza na rangi ya giza, kisha pandisha mwanga kwenye paji la uso, pua na mashavu.

Sare nazo zina siri zake. Askari wa Wajerumani alivaa kofia iliyofunikwa kitambaa cha kaki, chenye pazia la kukinga shingo. Wengi wa King's African Rifles walitembea bila viatu. Fundi akikosea hapo, mnunuzi anayejua atamrudishia kazi yake.

Lakini kwenye meza hizo askari ni wengi, na mpagazi ni nadra. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Waliochonga mnara wa Nairobi hawakumsahau: mmoja wa watu watatu waliosimama pale ni mpagazi. Yule wa Dar es Salaam ni askari peke yake.

Hapo ndipo penye nafasi kwa fundi wa Buyenzi au wa Kigoma. Mpagazi hahitaji bunduki wala vifungo. Anahitaji shingo iliyokaza, magoti yaliyolegea kidogo, na mzigo uliofungwa kama watu wa huku wanavyofunga mizigo. Hilo tunalijua kuliko fundi wa London.

Atakayeuza nje ya mpaka ajue pa kuziandika. Forodha huweka vitu vya kuchezea na mifano iliyopunguzwa chini ya kifungu 95.03, sanamu ndogo za mapambo za mti ziko 44.20. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 waweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili, mradi bidhaa imetengenezwa ndani ya Jumuiya na imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Uliza mpakani kabla ya kufunga kasha.

Sisi wa kuvusha mizigo tuna undugu na mtu huyo wa sentimita tano. Soko letu kubwa limebeba jina lake; haitakuwa vibaya naye akipata sura.