Siku 12 za Rureke

Mwaka 1956, katika misitu ya Walikale huko Kivu Kaskazini, Mnyanga aitwaye Candi Rureke alisimulia hadithi moja kwa siku 12. Alisimulia, akaimba, akacheza na kuigiza. Alivaa njuga, mkono mmoja ukitikisa kibuyu chenye mbegu, mwingine ukipeperusha mgwisho. Vijana waliketi wakipiga mwanzi kwa vijiti na kumwitikia. Wasikilizaji walimtuza chakula, pombe na ushanga. Siku ya mwisho sauti ilikuwa imemkauka.

Mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga waliiandika yote kwa mkono, maana hawakuwa na mashine ya kunasa sauti. Mwaka 1969 hadithi hiyo, utendi wa Mwindo, ilichapishwa Marekani, ikiwa imehaririwa na kutafsiriwa na Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, na leo inasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Watoto wengi wa hapa kwetu Bunia hawajawahi kumsikia Mwindo, na hilo linaniuma.

Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, mgwisho mkononi. Baba yake, chifu Shemwindo, alikuwa amepiga marufuku mtoto wa kiume. Anamrushia mikuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Mtoto anapona, anakimbilia kwa shangazi yake Iyangura, kisha anamwinda baba yake hadi kuzimu. Wewe na mimi tungetarajia damu. Badala yake baba anakiri kosa mbele ya watu, na wawili hao wanagawana nchi. Baadaye Mwindo anaua dubwana ambalo ni rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anampandisha mbinguni mwaka mzima, apigwe na baridi na jua, na anarudi na sheria za kutoua ovyo. Irumu, eneo letu lililopitia mauaji ya Nyankunde mwaka 2002 na ya Bogoro mwaka 2003, lina haki ya kuisikia hadithi hiyo.

Rureke alisisitiza kwamba kabla ya siku hizo 12 hakuwahi kuisimulia yote kwa mfululizo. Kwa kawaida fundi husimulia kipande tu, kile kinachofaa jioni ile na watu wale. Kitabu kiliokoa maneno. Lakini ufundi wenyewe ulipita njia nyingine: kijana aliandamana na bingwa, mara nyingi ndugu yake, akapiga mwanzi na kuitikia miaka mingi, mpaka hadithi ikamkaa. Wanyanga waliongeza kwamba Karisi, roho ya utendi, ndiye aliyemtaka mtu aisimulie.

Hapa kwetu Wahema, Wangiti, Wabira, Walese na wengineo wana hadithi zao na mabingwa wao. Kinachokatika ni ile nafasi ya kijana kando ya bingwa. Vita vimewatenganisha babu na wajukuu. Katika kambi za waliokimbia makwao, jirani huenda haelewi lugha yako, na mtoto aliyekulia mjini anajibu kwa Kiswahili hata akiulizwa kwa Kingiti.

Basi tusimulie kwa Kiswahili, nyimbo zibaki katika lugha za mama. Wapo watakaosema huko ni kuipunguza hadithi. Mimi naona kiitikio ni mlango: hata asiyejua lugha hukishika baada ya mara mbili tatu, kisha huuliza maana yake. Mtoto wa Kihema akiitikia wimbo wa Kingiti, huo ni mwanzo wa jambo kubwa.

Mateene hakuishia kwenye maneno ya Rureke. Alikuwa mtaalamu wa isimu, akaongoza ofisi ya lugha ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kampala, akitetea lugha zetu zitumike shuleni. Bunia kuna Chuo cha Ualimu, ISP, na mwalimu anayesomea pale angeweza kuanza palepale walipoanzia Biebuyck na wasaidizi wake: aketi na bingwa mmoja wa Irumu, daftari mkononi, na amwachie mwanafunzi wake vijiti vya kupigia mwanzi.