Kibandiko cha Losheni Kisomeke

Mwananchi anayekwenda Darajani kununua losheni ya mtoto hukabidhiwa kopo zuri lenye harufu nzuri, na nyuma yake kibandiko cha maandishi madogo mno ambayo yeye, na mara nyingi hata muuzaji, hawayaelewi. Humo ndimo zimo habari za dawa za kuhifadhi, ambazo tunataka kuzizungumza leo.

Losheni ni mchanganyiko wa maji na mafuta. Penye maji, vijidudu na ukungu humea upesi, seuze katika joto letu na kwa vidole vibichi vinavyotumbukizwa koponi kutwa mara mbili. Kwa hiyo hatuwaungi mkono wanaotangaza kwamba kila dawa ya kuhifadhi ni sumu. Losheni ya maji isiyo na kinga yoyote nayo huweza kuleta maradhi ya ngozi na macho.

Lakini dawa hizo si sawa zote. Methilisothiazolinoni iliwatia watu wengi ukurutu huko Ulaya, hata Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku mwaka 2017 katika vipodozi vinavyoachwa mwilini. Katika vile vya kuoshwa, kama shampuu, ilibakishwa isizidi sehemu 15 katika milioni. Mwaka 2014 Umoja huo ulikwisha kuziondoa parabeni tano, nyengine zikaachwa kwa kipimo. Zipo pia dawa zinazotoa fomaldehidi kidogo kidogo, nayo huwadhuru wenye ngozi nyepesi kuchukia. Ama zebaki, Mkataba wa Minamata wa 2013 uliiachia mwanya iwe dawa ya kuhifadhi vipodozi vya macho pale isipopatikana badala yake; ni mwaka 2023 ndipo nchi wanachama zilipoamua mwanya huo uzibwe ifikapo 2025. Miaka kumi kuuziba mlango kama huo ni mingi.

Anayetaka kuziepuka dawa hizi asitafute mbali. Mafuta safi ya nazi hayana maji, hivyo hayahitaji kinga hiyo. Yakikaa sana hunuka tu, basi anunue kidogo kidogo. Sabuni ya mche nayo, ikiwemo ya mwani wanayoitengeneza kina mama wa vijiji vyetu vya pwani, kwa kawaida hujihifadhi kwa ukali wake. Bibi zetu walisaga liwa ya siku ile ile, na iliyosalia wakaimwaga, walijua walifanyalo. Tahadhari moja: cha asili si lazima kiwe salama. Mafuta ya karafuu, fahari ya Pemba, yana eujenoli inayowasha baadhi ya ngozi. Kipya chochote na kipakwe kwanza ndani ya kiwiko, siku kadhaa, kabla ya kupakwa mwilini.

Sasa tunawageukia wahusika. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi tunayo tangu 2006. Hata hivyo, tumeviona kwa macho yetu vichupa vya kupimia, losheni imehamishwa kutoka dumu kubwa, havina jina wala tarehe. Mama atasoma nini hapo? Aidha, vikundi vya kina mama vinavyotoka kwenye sabuni na kuingia kwenye krimu za maji vinahitaji mtaalamu wa kuwafundisha kinga gani watie na kiasi gani, kabla hawajapata hasara ya mali na lawama za wateja.

Tunapendekeza kila losheni inayoteremshwa bandarini ibandikwe kwa Kiswahili jina la dawa iliyoihifadhi, na kazi hiyo ianzie kwenye makopo ya watoto.