Kwa nini sikio ndilo huumia kwanza ukipiga mbizi na mtungi?

Umeshalipia. Boti imetoka Nungwi asubuhi, umepigwa picha na mtungi mgongoni na ishaingia status. Dakika chache baadaye uko mita mbili tu chini ya maji na sikio la kushoto linauma kama limechokolewa na kijiti. Wenzako wanaendelea kushuka. Unafanya nini?

Wengi hujikaza. Mimi nilijikaza, tena nikiwa na mafua, kwa sababu hela ilikuwa imeshatoka na sikutaka kuonekana mwoga. Wiki nzima baada ya hapo nilikuwa nasikia watu kama wanaongea ndani ya pipa.

Ukitaja ajali za kupiga mbizi, watu hufikiria papa. Lakini kwa wanaozamia kwa starehe, jeraha linaloongoza halina meno: ni la sikio.

Shida iko juu, si chini

Ukiwa nje ya maji, mwili unabanwa na presha ya hewa pekee. Tuiite 1. Ukishuka mita 10 inakuwa 2, mita 20 inakuwa 3. Puto ulilolijaza juu litabaki nusu ya ukubwa wake ukifika mita 10, theluthi ukifika 20, na robo ukifika 30. Umeona? Badiliko kubwa kabisa liko kwenye zile mita 10 za mwanzo. Ndiyo maana mtu anaweza kuumia sikio hata kwenye bwawa la hoteli.

Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, kilichounganishwa na koo kwa mrija mwembamba. Mrija ukifunguka, hewa inaingia na presha inakuwa sawa pande zote mbili. Ukigoma, ngoma inavutwa kwa ndani. Kwanza sikio linaziba, kisha linauma, kisha majimaji au damu hujikusanya ndani. Ukiendelea kushuka, ngoma inaweza kupasuka, maji ya baridi yakaingia na kichwa kikaanza kuzunguka. Kizunguzungu ukiwa chini ya maji si kitu cha kuchezea.

Njia inayofundishwa sana ni kubana pua, kufunga mdomo na kupuliza taratibu. Imepewa jina la Antonio Maria Valsalva, daktari wa Italia aliyefariki mwaka 1723. Neno la kushika ni "taratibu". Ukipuliza kwa nguvu zote wakati mrija umeshajifunga, unaweza kujeruhi sikio la ndani kabisa, na hapo usikivu unaweza usirudi wote.

Kwa hiyo anza kupuliza ukiwa bado juu, rudia kila unaposhuka kidogo, tena kabla hujasikia maumivu. Tanguliza miguu, kichwa kibaki juu. Sikio likikataa, panda mita moja hivi ujaribu tena. Likikataa tena, safari ya leo imeishia hapo. Vizibo vya kawaida vya masikio usivae, vinaongeza tatizo.

Ishara nayo ujue: nyoosha kiganja, kitikise upande huku na huku, kisha onyesha sikio. Dole gumba juu chini ya maji halimaanishi "poa". Linamaanisha "twende juu".

Na mafua je? Usizamie. Vidonge vya kufungua pua vinaweza kuisha nguvu ukiwa chini, halafu hewa ikakwama ndani wakati wa kupanda. Kushuka unaweza kuahirisha, kupanda huwezi.

Majeraha mengine

Kuna macho mekundu kama ya filamu ya kutisha. Hii hutokea hewa ndani ya miwani ya kuzamia inapobanwa na wewe hukupuliza kidogo kupitia puani, hivyo mishipa midogo ya jicho inapasuka. Kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili tatu, ila ukiona vibaya au jicho likiuma, nenda hospitali.

Sikio linalowasha na kuuma ukivuta ndewe, siku moja au mbili baadaye, mara nyingi ni maambukizi ya tundu la nje. Suuza masikio kwa maji safi yasiyo na chumvi kila ukitoka baharini, yaache yakauke, na vijiti vya pamba viache dukani.

Matumbawe hukata kama wembe na mabaki yake hubaki ndani ya ngozi. Safisha kwa maji mengi safi na sabuni, hata kama mchubuko ni mdogo. Yule mweusi wa mviringo mwenye miba kama sindano unamkanyaga zaidi ukitembea kwenye maji mafupi kuelekea boti, hivyo vaa viatu. Miba yake hukatika ovyo. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia bila kuungua. Fukweni Zanzibar utapakwa utomvu wa papai, lakini mwiba ulioingia kwenye kiungo unamhitaji daktari.

Halafu kuna jeraha lisilo na heshima: mtungi kudondokea kidole cha mguu. Ule wa alumini unaotumika sana una uzito wa kilo 14 hivi hata ukiwa mtupu. Ulaze, usiuache umesimama kwenye boti inayoyumba.

Lini si jambo dogo tena?

Ukitoka majini ukasikia ganzi, viungo vinauma, miguu haina nguvu, kifua kinabana au uchovu usioelezeka, usiseme ni jua. Inaweza kuwa nitrojeni imetengeneza mapovu mwilini. Unahitaji oksijeni na daktari mara moja, kwa hiyo muulize mwenye boti kabla ya kuondoka kama amebeba oksijeni. Mlio sikioni, kizunguzungu kisichoisha au usikivu kupotea ghafla, vilevile ni hospitali siku hiyohiyo.

Ukiwa na ndege ya kurudi Dar au Nairobi, ushauri wa kawaida ni kusubiri saa 12 au zaidi baada ya kuzamia mara moja, na angalau saa 18 kama umezamia mara kadhaa.