Ufadhili wa Chuo Kikuu: Jina Hupelekwa na Shule, Tena Kabla ya KCSE

Kila Januari, matokeo ya KCSE yanapotangazwa, wazazi wa wanafunzi waliopata A na A ya kutoa huanza kuzunguka ofisini wakiuliza kuhusu ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Wengi huwa wamesikia kwamba kuna vyuo vikuu vya ng'ambo vinavyowalipia wanafunzi hodari karo, chakula na malazi hadi wahitimu. Vyuo hivyo vipo. Ila kwa baadhi ya ufadhili huo, muda wa kupeleka majina huwa umekwisha tangu Novemba, mtahiniwa akiwa bado kwenye chumba cha mtihani. Isitoshe, hata angejua mapema, asingeweza kujipeleka mwenyewe. Jina lake lingepaswa kupelekwa na shule.

Ufadhili wa aina hii haufanani na basari ambayo wakazi wameizoea. Basari hutolewa kwa kuangalia zaidi uhitaji: mzazi huchukua fomu, chifu au naibu wake huthibitisha hali ya familia, na kamati hugawa kiasi kilichopo kwa waombaji wengi. Ufadhili wa kustahili humtafuta mwanafunzi mmoja miongoni mwa wengi, kwa alama zake na kwa yale aliyoyafanya shuleni na kijijini. Serikali za kaunti hazishiriki katika uteuzi huo. Chini ya Katiba ya 2010, kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani, nazo shule za sekondari na vyuo vikuu viko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa kubisha ni ule wa mwalimu mkuu.

Mfano mzuri ni ufadhili wa Lester B. Pearson wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, uliopewa jina la waziri mkuu wa zamani wa nchi hiyo aliyepata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 1957. Kila mwaka wanafunzi wapatao 37 kutoka mataifa mbalimbali huchaguliwa. Ufadhili huo hulipa karo, vitabu, ada nyinginezo za chuo na malazi kwa miaka minne. Shule ndiyo inayomteua mwanafunzi, naye akishateuliwa hutuma ombi la kujiunga na chuo pamoja na ombi la ufadhili wenyewe, lenye insha. Shule moja huruhusiwa kuteua mwanafunzi mmoja tu kwa mwaka.

Sharti hilo la mwanafunzi mmoja linastahili kufikiriwa vyema. Shule ya kitaifa yenye watahiniwa 400 ina nafasi moja. Shule ya kutwa yenye watahiniwa 60, ambako mwanafunzi hutembea kilomita tano asubuhi na kusomea kibatari jioni, nayo ina nafasi moja. Katika hatua ya uteuzi, shule hizo mbili ziko sawa. Tofauti ni kwamba katika shule kubwa huenda yupo mwalimu aliyewahi kuifanya kazi hiyo na anayejua tarehe zake, ilhali katika shule ndogo mara nyingi hakuna aliyewahi kuambiwa kwamba nafasi hiyo ipo. Shule isiyopeleka jina haina mtu katika ushindani huo, hata kama mwanafunzi wake ndiye bora katika kaunti nzima.

Chuo Kikuu cha British Columbia, pia nchini Kanada, kina ufadhili unaoitwa Karen McKellin International Leader of Tomorrow. Huu huangalia ubora wa masomo na uongozi pamoja na uhitaji wa familia, na kiasi kinacholipwa hutegemea pengo kati ya gharama na uwezo wa mzazi. Hapa anayeteua anaweza kuwa shule au shirika lisilo la faida linaloshughulikia elimu ya mwanafunzi huyo.

Tatizo kubwa kwa Wakenya ni kalenda. Muda wa kupeleka majina ya Toronto huisha katika miezi ya mwisho ya mwaka, wakati ambapo mtahiniwa wa KCSE anajiandaa kwa mtihani au yumo ndani yake. Anayekubaliwa ni mwanafunzi aliye mwaka wake wa mwisho wa sekondari, au aliyemaliza miezi michache tu iliyotangulia. Anayesubiri matokeo ya Januari ndipo aanze kuuliza atakuta mlango wa mwaka huo umefungwa, na mwaka unaofuata huenda akaambiwa kwamba alimaliza shule zamani. Kwa sababu hiyo, mazungumzo na mwalimu mkuu au mwalimu anayeshughulikia masuala ya taaluma yanafaa kufanyika muhula wa pili wa kidato cha nne. Mwishoni mwa kidato cha tatu ni bora zaidi.

Kwa kuwa jina hupelekwa kabla ya KCSE, shule hutegemea fomu za ripoti na alama inazotarajia mwanafunzi atapata. Hapa wanafunzi wa Kenya huumia bila mtu kukusudia. Shule nyingi hutunga mitihani migumu ya ndani ili watahiniwa wasilegee, na mwanafunzi mwenye B katika ripoti zake huishia kupata A katika KCSE. Msomaji aliyeko Toronto hajui hilo. Akiona B, huamini ni B. Shule inaweza kueleza katika ukurasa mmoja jinsi inavyotahini, nafasi ya mwanafunzi huyo darasani, na jinsi alama za ndani za miaka iliyopita zilivyolingana na za KNEC. Maelezo hayo si kujitetea, bali ni sehemu ya kawaida ya faili la mwombaji.

Kisha kuna barua ya pendekezo. Barua zinazosema kwamba fulani ni "mwanafunzi mwenye nidhamu, bidii na heshima" zimejaa kila mahali, na hazimsaidii mtu. Barua inayosaidia hueleza jambo lililotendeka: kwamba mwanafunzi alipoona kidato cha pili hakina mwalimu wa hesabu kwa muhula mzima, aliomba ruhusa akawa akiwafundisha kila jioni, au kwamba alipanga zamu za kuteka maji wakati wa kiangazi na ratiba ile ingali inatumika. Mwalimu wa somo lililopendwa na mwanafunzi huandika barua kama hiyo vizuri kuliko mwalimu mkuu anayelijua jina lake tu. Mwanafunzi naye anaweza kumpa mwalimu orodha ya aliyoyafanya, pamoja na tarehe, kwa kuwa hata mwalimu mwema husahau.

Stakabadhi pia huwaangusha wengi. Majina katika cheti cha kuzaliwa, katika usajili wa KNEC na katika pasipoti yanafaa kulingana, pamoja na mpangilio wake. Kusahihisha jina huchukua muda, na wiki ya mwisho ya Oktoba si wakati wa kuanza.

Kwa waliokwisha kupitwa, si njia zote zinazofungwa na KCSE. Mpango wa Equity Leaders wa benki ya Equity, ulioanza mwaka wa 1998, huwachukua wavulana na wasichana wanaoongoza katika maeneo yao baada ya matokeo, ukawapa mafunzo ya kazi yenye malipo na kuwaongoza wanaotaka kuomba vyuo vya ng'ambo. KenSAP, ulioanza mwaka wa 2004, huwaandaa wanafunzi wenye alama za juu kabisa za KCSE kuomba vyuo vikuu vya Amerika Kaskazini. Katika KenSAP mwanafunzi huomba mwenyewe.

Wazazi wanatahadharishwa dhidi ya mawakala wanaodai pesa ili "kupitisha jina". Shule haimtozi mwanafunzi kwa kumteua, na hakuna wakala anayeweza kumteua kwa niaba ya shule. Chuo chenyewe kinaweza kuwa na ada ya maombi, na ada hiyo hulipwa kwa chuo moja kwa moja, kupitia tovuti yake rasmi, wala si kwa nambari ya simu ya mtu.

Shule ambayo haijawahi kuteua mwanafunzi inaweza kuanza kwa kupata maelekezo ya uteuzi katika tovuti ya chuo husika, na kumpa mwalimu mmoja jukumu la kufuatilia tarehe. Utaratibu utabaki huohuo hata mfumo wa 8-4-4 utakapofika mwisho kwa KCSE ya 2027. Wanafunzi walioingia gredi ya 10 mwezi Januari 2026 watakuwa gredi ya 12 mwaka wa 2028, na faili zao zinaweza kuanza kuandaliwa sasa.